Aliambiwa "usiwaze": kisa cha mjamzito mmoja wa pwani ya Tanga

Mjamzito akisema ana wasiwasi, huku kwetu hupewa neno moja: usiwaze. Mume atalisema, mavyaa atalisema, na nesi wa kliniki atalisema huku anaandika kwenye kadi. Kisa hiki ni cha mama aliyeambiwa hivyo na kila aliyemfungulia moyo, na hali yake ikazidi kuharibika. Baadaye alitulia, bila kidonge cha usingizi wala cha kutuliza akili. Nakichambua kwa sababu kilichomtuliza zaidi sicho ambacho wengi wetu tungekitaja kwanza.

Ili asitambulike yeyote, nimeunganisha habari za akina mama zaidi ya mmoja na kubadilisha yaliyohitaji kubadilishwa. Mwenye kisa nitamwita bibie.

Bibie ana miaka 28. Anakaa na mavyaa yake kijijini, kando ya barabara ya Tanga kwenda Pangani, upande wa Tongoni, chini kidogo ya kilomita 20 kutoka mjini. Alasiri hukaanga samaki na mihogo na kuuza kibarazani. Mumewe ni mvuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo siku za giza la mwezi yeye huwa baharini usiku kucha, na mbalamwezi ikiwaka hulala nyumbani. Hilo la mwezi nalitaja sasa kwa sababu lilikuja kuwa ufunguo wa kisa chote.

Mimba hii ni ya tatu. Mtoto wa kwanza yuko darasa la kwanza. Wa pili alizaliwa amefariki, mwezi wa nane wa mimba. Jioni ile bibie alihisi mtoto hachezi, akasema, akaambiwa asubiri mume arudi kutoka baharini ndipo itafutwe gari. Walifika hospitali jua limeshachomoza.

Alipokuja kwetu, timu ya wahudumu wa afya, mimba ilikuwa ya wiki 24. Hakuletwa na zahanati. Alikuja kwa sababu muuza duka la dawa alikataa kumuuzia vidonge vya usingizi, akamwambia aende akazungumze na mtu. (Muuzaji huyo alifanya jambo kubwa kuliko anavyojua.) Alivyojieleza: "Roho yangu iko juu juu. Nikilala moyo unanidunda kama nimekimbizwa. Saa tisa usiku lazima niamke, nikae, nimbonyeze mtoto mpaka anipige teke, ndipo nijue yupo." Ndani ya mwezi mmoja alikwenda zahanati mara nne nje ya tarehe zake ili mtoto asikilizwe moyo, hadi akaambiwa, "Mama, wewe umezidi." Tangu hapo aliona haya kurudi. Biashara aliiacha. Tena alikuwa na hofu nyingine aliyoitoa kwa kunong'ona: akisema sana, wasije wakasema apelekwe Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Tulimsomea dodoso la kupima wasiwasi liitwalo GAD-7, maswali saba kuhusu wiki mbili zilizopita. Alipata 14 kati ya 21, na kuanzia 10 mtu anastahili kuangaliwa kwa makini. Tulimuuliza pia waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru, na kama nyumbani kuna anayempiga au kumtisha. Majibu yote mawili yalikuwa hapana. Maswali haya mtu huona haya kuyauliza, lakini bila majibu yake huwezi kusema kwa uaminifu kwamba mtu huyu anafaa kusaidiwa kwa mazungumzo peke yake.

Kwanza damu

Kabla ya kuita kitu wasiwasi, mwili upimwe. Katika ujauzito damu mwilini huongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, na moyo huongeza mapigo kumi hadi ishirini kwa dakika. Kwa hiyo mjamzito yeyote anaweza kuusikia moyo wake akilala kimya. Bibie alikuwa na zaidi ya hayo. Presha ilikuwa nzuri, malaria hakuna, lakini wingi wa damu ulisoma 8.9, wakati mjamzito anatakiwa asishuke chini ya 10.5 au 11 kulingana na umri wa mimba.

Alikuwa anapewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, na alikuwa anavimeza kweli. Shida ilikuwa namna anavyovimeza: asubuhi, kwa chai ya rangi iliyokolea, na mchana kutwa ana kipande cha udongo mdomoni. Majani ya chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe, na udongo nao huyashika tumboni. Ni kama alikuwa anateka maji kwa tenga. Tukahamisha kidonge kikawa cha usiku, kimezwe kwa maji baada ya chungwa, na machungwa ya Muheza si kitu cha kutafuta huku kwetu. Chai ikabaki ya asubuhi tu, mbali na kidonge. Udongo ulichukua muda mrefu zaidi, maana hamu ya udongo yenyewe huendana na upungufu wa damu na hupungua damu inapopanda.

Najua kuna atakayesema: si ulituambia bila dawa? Ninaposema bila dawa nakusudia dawa za kutuliza akili na za usingizi. Vidonge vya chuma havimo humo, na wala sikusudii mtu abadilishe kidonge kwa mizizi. Mavyaa alikuwa ameshaleta dawa ya kuchemsha "ya kutuliza tumbo". Baadhi ya miti inayotumiwa na wajawazito husukuma mfuko wa uzazi ubane. Chungu hicho tulikiomba kiwekwe kando, kwa heshima, bila kumfanya mzee aonekane mchawi.

Baada ya wiki nne wingi wa damu ulifika 10.1. Kudunda kwa moyo wakati wa kulala kulipungua sana. Kuamka saa tisa hakukupungua hata kidogo, na hapo tukajua kwamba sehemu ya mwili tumeshaishughulikia na iliyobaki ni kitu kingine.

Usiku wa giza na usiku wa mbalamwezi

Tulimwomba aweke alama kila usiku aliolala na kila usiku alioamka. Hakuhitaji daftari, alichora mkaa ukutani nyuma ya mlango. Mwezi ulipokwisha alama zilijieleza zenyewe: usiku mbaya ulijazana siku za giza, usiku mzuri siku za mbalamwezi. Mavyaa alishaona jambo hilo na alikuwa na maelezo yake, kwamba giza lina watu wake. Bibie naye akaanza kuamini. Lakini giza la mwezi lina jambo jingine linalojulikana kijiji kizima: mume hayupo, na kwa desturi ya nyumba ile mwanamke haondoki usiku bila ruhusa ya mume.

Kwa hiyo wasiwasi wake ulikuwa na hoja. Alikuwa anajiuliza swali ambalo halijajibiwa: safari hii mtoto akinyamaza usiku na baba yake yuko baharini, nani atasema twende? Kumwambia mtu wa namna hii "usiwaze" ni kumwambia asijiulize swali ambalo lilimnyang'anya mtoto.

Takwimu hazimfai mtu aliye hapo. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015 na 2016. Habari hiyo ni kubwa, na ule msemo wa mjamzito kuwa mguu mmoja kaburini unastahili kupumzishwa. Lakini bibie hakuwa anaogopa kufa yeye.

Tulichofanya ni kuyagawa mawazo yake mafungu mawili: yenye la kufanywa na yasiyo na la kufanywa. Wazo la "nani atasema twende" liliingia fungu la kwanza, na fungu la kwanza halitulizwi kwa kuvuta pumzi. Linahitaji gari, pesa na ruhusa. Gari: namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, hupigwa bure, na pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa. Namba iliandikwa ukutani, jirani na alama za mkaa. Akaongezewa kijana wa bajaji wa pale pale kijijini, aliyezungumzwa naye mapema. Pesa: mume alianza kuweka kidogo kidogo kwa mavyaa kila anaporudi na dagaa. Vyote viwili vilikuwa vyepesi. Iliyokuwa nzito ni ruhusa.

Mkunga aliyekwenda nyumbani ni mtu mzima kidogo, na hilo lilisaidia. Alipiga hodi, akamwamkia mzee shikamoo, akakaa mkekani, wakazungumzia mvua na bei ya nazi. Ndipo akasema, "Mama, nimekuja kwako wewe, sikuja kwa mkwe wako. Siku mwanao yuko baharini, mkubwa wa nyumba hii ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi usiku wa giza mtoto asipocheza, tumwulize nani?"

Mzee alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo hata bibie alikuwa hajawahi kulisikia: yeye mwenyewe alizika wawili wachanga, na hakulia mbele ya mtu, kwa sababu aliambiwa asiwaze. "Mie nilijua namfundisha ukakamavu," alisema. Mume aliporudi wakakubaliana mbele ya mkunga kwamba usiku ambao hayupo, neno la mama yake ni neno lake. Wiki hiyo hiyo mzee alimpeleka bibie akamwonyesha kaburi la mtoto, mahali ambapo hakuwa ameonyeshwa siku zote zile.

Alama za mkaa za giza lililofuata zilikuwa chache kuliko za miezi yote ya nyuma. Hapakuwa na mazoezi yoyote yaliyokuwa yamefundishwa hadi hapo.

Kubonyeza tumbo

Ilibaki tabia ya kumbonyeza mtoto, na hapa wengi wetu hukosea upande mmoja au mwingine. Ukimwambia mama "acha kabisa kumfuatilia", unamweka hatarini, hasa aliyewahi kupoteza mimba kubwa. Ukimwachia afuatilie kila anapoogopa, hofu inakua. Kila teke humpa nafuu ya dakika chache, kisha shaka hurudi na kudai teke jingine. Zile safari nne za zahanati zilikuwa kitu hicho hicho: alitoka amefurahi, na kabla ya kufika nyumbani alishaanza kujiuliza kama nesi alisikia sawasawa.

Mtoto tumboni hulala vipindi vya dakika 20 hadi 40, mara chache kupita dakika 90. Anayemwamsha saa tisa usiku anapigana na usingizi wa mtoto na wake mwenyewe. Basi tulikubaliana hivi: kila siku baada ya kula chakula cha usiku alale ubavu, atulie, amsikilize mtoto anavyocheza, aijue kawaida yake. Hakupewa idadi ya mateke, kwa sababu kila mtoto ana yake. Nje ya muda huo mkono usibonyeze. Na kanuni ya pili ilikuwa na uzito sawa na ya kwanza: siku akiona mtoto anacheza pungufu ya kawaida yake, aondoke saa hiyo hiyo, usiku au mchana, bila kusubiri kesho na bila kuona haya.

Wiki ya 31 alikuja usiku. Alipiga 115, mavyaa akavaa buibui wakaja wote wawili hospitali ya Bombo, mjini Tanga. Mtoto alikutwa mzima, moyo unapiga vizuri. Mmoja wetu aliandika kwamba wasiwasi umerudi. Mimi nasema siyo. Alisikiliza wakati wake, akaona tofauti, akafuata kanuni, alipoambiwa yuko salama akaamini, akarudi nyumbani akalala. Miezi miwili nyuma asingelala.

Pumzi, kisomo na mihogo

Mazoezi ya pumzi yalifundishwa, na jaribio la kwanza lilimtisha. Aliambiwa afumbe macho ausikilize mwili, na kitu cha kwanza alichokisikia ni moyo. Wapo watu wa namna hiyo, na dawa yake ni kuipa akili kitu cha kushika nje ya kifua. Bibie alipata chake mwenyewe: alivuta pumzi polepole kwa pua, na akiitoa aliisindikiza na dhikri, "Hasbunallahu wa ni'mal wakil", ndefu na ya chini, mpaka pumzi iishe. Kutoa pumzi kukiwa kurefu kuliko kuvuta, mapigo ya moyo hushuka, na hilo ndilo linalotakiwa. Mkristo wa Pongwe anaweza kutumia mstari wa zaburi, asiye na dini atahesabu. Tulimwongezea kukaza ngumi na mabega kisha kuyaachia, tukaacha miguu kwa sababu ya mikakamao ya usiku. Hayo yote yalikuwa na msaada, ila msaada wa kiasi. Ningekuwa na muda wa kumsaidia kwa jambo moja tu, nisingechagua pumzi.

Kurudi kukaanga mihogo kulimsaidia zaidi ya nilivyotarajia. Shirika la Afya Duniani linahimiza wajawazito wasio na tatizo wapate kama dakika 150 za kuutumia mwili kwa wiki. Kutembea ufukweni asubuhi kununua samaki na kurudi kulimpa hizo bila kuziita mazoezi. Tena kibarazani watu walimzungumzia habari nyingine zisizo za tumbo. Wale waliokuja na hadithi za fulani alivyofia leba alijifunza kuwakatiza: "Shoga, hiyo nisimulie baada ya arubaini."

Usingizi haukuhitaji mengi. Chai ya jioni ilikuwa imeshaondoka, na akiamka aliruhusiwa kuinuka, kunywa maji, kukaa sebuleni hadi macho yawe mazito, badala ya kulala anahesabu boriti.

Kama kuna anayedhani mazungumzo ya aina hii ni maneno matupu, mjini Rawalpindi, Pakistan, yalipimwa. Wajawazito wenye dalili za wasiwasi walipewa vikao vya mazungumzo na watu ambao si mabingwa wa tiba ya akili, na matokeo yalitolewa mwaka 2024. Wiki sita baada ya kujifungua, wenye wasiwasi wa kiwango cha kati au kikali walikuwa 9 katika kila 100 waliopata mazungumzo, na 27 katika kila 100 waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, bila mazungumzo hayo. Hapo hapo nitie neno kwa upande wa pili. Asiyeweza kula wala kulala siku nenda rudi, anayewaza kujidhuru, anayesikia sauti, au aliyewahi kuugua akili baada ya uzazi, huyo aende kliniki ya afya ya akili, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa mjamzito. Na anayetumia dawa tayari asiziache ghafla eti kwa sababu amepata mimba. Bibie hakuwa katika kundi hilo. Wiki ya 34 dodoso lilisoma 6. Alijifungua mjini wiki ya 39, mtoto wa kike.

Lipo jambo ambalo timu haijakubaliana hadi leo. Kila siku ya kliniki bibie aliomba kusikilizishwa moyo wa mtoto, na mkunga alimsikilizisha bila kubisha. Mwenzetu mmoja anaona huko ni kuilisha hofu ile ile tuliyokuwa tunaikata nyumbani, na kwamba tungepaswa kupunguza kidogo kidogo. Mkunga anajibu kwamba kusikiliza moyo wa mtoto ni sehemu ya kliniki ya kila mjamzito, na mama kusikia pamoja naye hakuongezi hata dakika moja. Mimi niko upande wa mkunga, kwa sharti moja: moyo usikilizwe tarehe ya kliniki ikifika, au kanuni ya mtoto kucheza pungufu ikitimia, na si siku nyingine yoyote. Mwenzetu anasema sharti hilo wahudumu wenye foleni ya wajawazito arobaini hawataweza kulishika, na hapo sina jibu la kumtosha.